Miraba mitatu ya Baghdad: namna ya kufundisha watoto mapambo ya Kiislamu

Watu wengi, wakiona nyota zenye kushikana juu ya ukuta wa msikiti, wanafikiri kama ni urembo tu wa macho. Na masomoni ni vile vile: mwalimu anagawa karatasi yenye nyota iliyokwisha kuchorwa, watoto wanapaka rangi, saa inapita. Mimi naona hapo mtoto hajafundishwa kitu. Mafundi wa zamani walianza na duara. Kompa ikifunguliwa mara moja, bila kuongeza wala kupunguza, inatembea juu ya duara mara 6 na kurudi pale ilipotokea. Unga alama hizo kwa kuruka moja moja: pembetatu mbili zinapandana, na nyota yenye pembe 6 imetoka. (Kama kompa haiko, uzi na kipande cha choki vinatosha.)

Kufundisha hivyo si jambo jipya. Huko Baghdad, katika karne ya 10, mwanahesabu Abu al-Wafa al-Buzjani, aliyezaliwa mwaka 940, aliandika kitabu cha Kiarabu juu ya jeometri ambayo mafundi wanaihitaji. Alikuwa anakaa nao katika mikutano, na anasimulia swali moja lililoulizwa mule: namna gani kupata mraba mmoja kwa kukata miraba 3 iliyo sawa?

Mtaalamu wa jeometri akaonyesha upesi mstari ambao ni ubavu wa ule mraba mkubwa. Mafundi hawakuridhika, sababu mstari peke yake haukati kigae. Wao wakaleta njia zao za kukata. Zingine kwa macho zilionekana sawa kabisa, kumbe hazikuwa sawa. Abu al-Wafa aliona kosa pande zote mbili: fundi anaamini macho yake, na mtaalamu akiisha kupata hoja hajali tena kazi ya makasi.

Jawabu lake mwenyewe linafanyika darasani kwa karatasi. Kata miraba 2 kati kwa kati, kona hadi kona. Utapata pembetatu 4. Mraba wa tatu uweke katikati. Kila pembetatu ilaze upande wake mrefu juu ya ubavu mmoja wa mraba, ncha yake kali ikianzia kwenye kona, zote zikizunguka njia moja. Kisha unga kwa mistari zile pembe 4 za mraba zilizo inje. Vipande vinavyopita mistari vikate, uvijaze katika nafasi zilizobaki ndani. Hakuna karatasi inayobaki, hata kidogo.

Kwa kawaida kuna mtoto ambaye kwake vipande vinapandana ao vinaacha tundu. Mwalimu asimpe alama mbaya upesi. Aite klasi yote ije kutazama, aulize: kosa liko katika mkono, ao liko katika njia?