Mumiani, mnyonya damu na kichekesho cha ubwege

mumiani nm 1 [i-/zi-] dawa nyeusi mfano wa lami, iliyotumiwa zamani kutibu mivunjiko na maumivu ya viungo. 2 [a-/wa-] mtu anayedhaniwa kuua wenzake ili achukue damu yao.

Asili. Neno ni la Kiajemi. Maana ya 1 ndiyo ya awali. Ya 2 ilizaliwa na uvumi kwamba dawa hiyo hutengenezwa kwa damu ya binadamu. Wakati wa ukoloni jina *wazimamoto* lilibeba dhana hiyohiyo katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki.

Matumizi. Wafasiri wa katuni za Kijapani hukumbana na neno hili wanapotafuta jina la mzuka anyonyaye damu. Mfano mzuri ni *Kyūketsuki Sugu Shinu* ya Itaru Bonnoki, iliyoanza kuchapishwa mwaka 2015 na kuonyeshwa kwenye televisheni mwaka 2021. Mhusika wake Draluc hugeuka majivu kwa kushtushwa tu au kuguswa kidogo, kisha hurudi alivyokuwa. Kicheko hutokana na kinyume: anayepaswa kutisha ndiye dhaifu kuliko wote.

*Mumiani* haibebi kinyume hicho. Mumiani hatoki kaburini wala hana meno marefu. Ni mtu hai, mara nyingi mgeni mwenye gari na vifaa asivyovielewa mwenyeji. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa-Mvumi, wilaya ya Chamwino, watafiti wawili wa udongo na dereva wao waliuawa na umati uliowadhania kuwa wanyonya damu. Mkoani Njombe, ambako mauaji ya watoto yaliyohusishwa na ushirikina yalitia watu hofu mwanzoni mwa mwaka 2019, neno linaloelekeza kidole kwa mgeni si la kuchezewa.

Kwa hiyo kwa mhusika wa kubuni itumike *mnyonya damu*, au *vampaya* pale ambapo hadhira imelizoea. *Mumiani* ibaki kwa historia, habari na uchambuzi wa uvumi.

*Mnyonya damu aliteleza kwenye ganda la ndizi, akawa majivu. Kibanda umiza kizima kikaangua kicheko.* (sahihi)
*Mumiani aliteleza kwenye ganda la ndizi.* (haifai: humfanya mtuhumiwa kuwa mzaha)
*Uvumi wa mumiani ulitoka Makambako ukafika Njombe kabla ya basi.* (sahihi)

Kichekesho cha ubwege na kichekesho cha vitendo. Istilahi hizi huchanganywa. *Kichekesho cha vitendo* hutegemea mwili: kuanguka, kupigwa, kujigonga. *Ubwege*, katika uhakiki wa fasihi, ni hali ya mambo kukosa mantiki; tamthilia *Amezidi* ya Said Ahmed Mohamed (1995) hutajwa mara nyingi kuwa ya mkondo huo. Draluc kuanguka ni kitendo. Kufa mara kumi kabla ya chakula cha jioni pasipo yeyote kustaajabu ni ubwege.

Tanbihi. Katika mazungumzo *bwege* ni tusi, maana yake mjinga. Mwalimu afafanue kwanza maana ya kihakiki, la sivyo darasa litadhani mwandishi ndiye anayetukanwa.

Taz. pia: futuhi, kioja, mzuka, ramsa.