Vyombo vya Kuzamia: Uoshaji na Utunzaji Wake

Vyombo vya kuzamia ni jumla ya zana avaazo au achukuazo mzamiaji ili aweze kuona, kuogelea na kuvuta pumzi chini ya maji: miwani, mrija, mapezi na suti ya mpira, na kwa yule ashukaye na hewa yake, mtungi, fulana ya kuelea, na reguleta, yaani kifaa kiitoacho hewa mtungini na kuifikisha kinywani kwa kiasi kimfaacho binadamu. Makala haya yahusu kazi ifanywayo baada ya mzamiaji kutoka majini, kazi ambayo aghalabu hupewa sehemu ndogo kabisa ya siku, ilhali ndiyo iamuayo umri wa chombo na, kwa upande wa reguleta na mtungi, salama ya nafsi ya mwenye kukitumia.

Katika pwani ya Kilwa na Lindi, tangu Songo Songo na Songo Mnara hadi Mchinga, pamoja na sehemu zilizo jirani kama Kitomanga, wazamiaji ni wa namna mbili. Walio wengi ni wavuvi, hasa wa pweza, washukao kwa pumzi zao wenyewe wakiwa na miwani na mapezi tu. Wachache ni watafiti wa matumbawe na wa mambo ya kale, na wageni wa matembezi, ambao hutumia reguleta ya namna ile waliyoibuni Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan huko Ufaransa mwaka 1943. Uvuvi wa mitungi nchini Tanzania huhesabiwa miongoni mwa uvuvi haramu. Kwa hiyo yasemwayo humu juu ya mtungi yawaelekea hao wachache, bali yasemwayo juu ya chumvi yawaelekea wote, kwa kuwa miwani ya mvuvi huharibiwa na chumvi ile ile iharibuyo reguleta ya mtafiti.

Kila kilo moja ya maji ya bahari huwa na chumvi yapata gramu 35, na maadamu chumvi hiyo imo majini, madhara yake kwa chombo ni madogo. Madhara makubwa huanza maji yakaukapo, ambapo chumvi hugeuka fuwele ngumu zenye ncha, zikajificha katika springi, katika meno ya zipu na nyuma ya vali ambako kidole hakifiki. Hapo hukwaruza mpira kila sehemu hiyo inapocheza, na kwa kuwa huvuta unyevu wa hewani, huendelea kuila shaba iliyo chini ya kromu hata chombo kikiwa kabatini. Fuwele zilizokwisha kushikana haziyeyuki kwa kumwagiwa kata moja ya maji. Ndiyo sababu kanuni iliyo kuu kupita zote katika mlango huu ni kwamba chombo kioshwe kabla hakijakauka. Na ikiwa safari ya kutoka ufuoni ni ndefu na jua ni kali, ni afadhali kichukuliwe kikiwa ndani ya ndoo ya maji ya bahari yenyewe, au kimefunikwa kwa nguo iliyolowa, kuliko kuanikwa juu ya sitaha ya chombo kama wafanyavyo wengi kwa nia njema.

Kuosha kwahitaji maji baridi, na hayo katika pwani hii si mepesi kupatikana. Visima vingi vya karibu na bahari huchimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake huwa na chumvichumvi. Wala taabu hiyo si ya leo, kwani birika la pembe nane lililomo Husuni Kubwa, jumba la kifalme la karne ya 14 katika Kilwa Kisiwani, latosha kumwonyesha mtazamaji jinsi maji yalivyokuwa fahari katika mji ule. Mwenye maji machache na ajifunze tartibu, maana tartibu huyafanya machache yakatosha. Maji ya kisima chenye chumvichumvi yafaa kwa mkupuo wa kwanza, uondoao chumvi nyingi na mchanga, na maji ya mvua huwekwa kwa mkupuo wa mwisho. Vyombo hutumbukizwa kwa daraja ya usafi wao: kwanza reguleta na saa ya kina, kisha miwani, kisha fulana ya kuelea, na mwisho kabisa suti na viatu, ambavyo huchukua mchanga, jasho na mkojo, na havistahili kutangulia chombo kiingiacho kinywani.

Reguleta ndiyo itakayo hadhari kubwa. Sehemu yake ya kwanza, ile ifungwayo kwenye mtungi, ina tundu liingizalo hewa ambalo halipasi kuingiwa na maji hata tone. Basi kifuniko chake hupanguswa kikauke vizuri, kikakazwa mahali pake kabla ya kitu chochote kulowekwa. Sehemu ya pili, ikaayo kinywani, ina kitufe cha kusukumia hewa, na kosa lililo mashuhuri ni kukibonyeza kitufe hicho wakati wa kuosha, hali reguleta imekwisha kutolewa mtungini: vali hufunguka, hewa ya kuyazuia maji haipo, na maji hupanda kwa mpira hadi sehemu ya kwanza, yakakaa humo bila ya kuonekana mpaka kutu imjulishe mwenyewe. Aliye na nafasi na aioshe ingali imefungwa kwenye mtungi uliofunguliwa, ambapo shinikizo la hewa hulinda kila njia. Kila baada ya muda uliowekwa na mtengenezaji, ambao aghalabu ni mwaka mmoja au miwili, hufunguliwa na fundi aliyefunzwa; si kazi ya kujaribia nyumbani.

Fulana ya kuelea huingiwa na maji ya bahari ndani ya mfuko wake, na wengi huosha nje wakasahau ndani. Hutiwa maji baridi kwa mrija wa kupulizia, ikatikiswa, ikapinduliwa maji yakatoka, kisha ikajazwa hewa kidogo na kutundikwa kivulini. Suti hukaushwa ndani kwanza, kwa kutundikwa kwenye kiango kipana, mbali na jua, kwani jua huukausha mpira ukapasuka. Katika Lindi, miezi ya mvua, ambayo huanza Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, huleta ukungu mweusi juu ya miwani na suti zilizofungiwa mkobani zingali na unyevu.

Oringi na mipira mingine hupakwa grisi ya silikoni peke yake, tena kidogo sana. Grisi ya pikipiki na mafuta mengine yatokanayo na petroli huweza kuuvimbisha mpira na kuulegeza, na yakikutana na hewa yenye oksijeni nyingi katika shinikizo kubwa huweza kuwaka moto.

Mtungi hujazwa hewa kwa shinikizo lipatalo mara 200 ya lile la hewa tuivutayo, au zaidi, na kwa hiyo udhaifu wake si jambo la kupuuzwa. Huoshwa nje, na kiatu chake cha plastiki huvuliwa, kwani maji yatuamayo humo hula kitako; wala haumalizwi hewa kabisa, bali hubakizwa kidogo ili unyevu usipate njia ya kuingia. Desturi ni kukaguliwa ndani kila mwaka, na Marekani hutaka upimwe kwa shinikizo la maji kila baada ya miaka 5. Mtungi wa chuma uliosahauliwa miezi mingi ukiwa na unyevu ndani huweza kuwa na hewa iliyopungukiwa na oksijeni, kwa sababu kutu huitwaa oksijeni inapojiumba, na mzamiaji aivutaye huzimia bila ya kuhisi dalili yoyote. Hewa ya mtungi wa namna hiyo hufunguliwa ikatoka polepole yote, mtungi ukakaguliwa, ndipo ukajazwa upya.