Benzi kuukuu na kiu ya petroli: pa kuangalia kabla ya kuiuza

Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA inapotangaza bei mpya za mafuta, kuna watu hapa Mombasa wanaozisoma kwa machungu kuliko wengine: wenye Benzi za zamani. Aghalabu gari ni ya mzee. Aliinunua alipokuwa bado kazini, au aliletewa na mwanawe aliyeko Uingereza. Viti bado vizuri, mlango ukifungwa wajua umefungwa, na nyumba nzima haitaki kuiona ikiondoka. Lakini inakunywa. Basi akija mteja wa bei ya kutupa, mzee anakubali, na mwezi wa pili mteja huyo huyo aonekana akiiendesha hadi Kilifi na kurudi bila kulalamika.

Hapa nazungumzia hasa Mercedes-Benz ya umbo la W124, iliyotoka mwishoni mwa 1984 na kuendelea hadi katikati ya miaka ya 1990, yenye injini ya lita 2.0 ya silinda nne. Mwenye 190E ya petroli atajiona humu pia, kwani injini zake za lita 2.0 ni hizo hizo, na mwenye Crown au Mark II ya miaka hiyo atapata mengi ya kumfaa.

Gari hii haikuundwa iwe mlafi. Umbo lake lilikatwa makusudi lipasue upepo kwa wepesi. Namba yake ya ukinzani wa hewa ni karibu 0.30, na gari nyingi za leo hazijaiacha mbali. 200E iliyo nzima, ya gia otomatiki, yapaswa kukupa kilomita 8 au 9 kwa lita mjini, na 11 au 12 ukishika barabara ya Malindi kwa mwendo wa 90. Ikikupa 5 au 6, usiambiwe "Benzi ndivyo zilivyo". Kuna kitu kimekufa, kimelegea, au kimetolewa.

Pima kwanza

Wengi wetu hupima kwa pesa: "Naweka elfu mbili haifiki Ijumaa." Hicho si kipimo, kwa sababu bei hupanda na kushuka. Jaza tangi mpaka bomba lijikate lenyewe mara ya kwanza, andika kilomita, endesha kama kawaida yako mpaka tangi lifike nusu au chini yake, kisha rudi kituo kile kile, pampu ile ile, ujaze tena mpaka lijikate. Gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita zilizoingia. Fanya mara tatu, kwani mara moja hudanganya.

Na hapa kuna mtego. Gari iliyotoka Uingereza huhesabu maili, wala si kilomita. Nilipata kumsikiliza jamaa akiisikitikia Benzi yake kwamba inampa 6 tu kwa lita. Tulipotazama dashibodi, ilikuwa maili 6, yaani kilomita 9 na nusu. Gari ilikuwa salama kabisa. Alikuwa tayari ameshatafuta mnunuzi. Maili moja ni kilomita 1.6. Tazama pia kama kile kihesabu chenyewe kinatembea, maana vigurudumu vyake vya plastiki huvunjika, gari ikaenda na namba zikasimama.

Kwa nini uhangaike? Chukua bei ya shilingi 180 kwa lita kwa ajili ya hesabu, na kilomita 1,000 kwa mwezi. Gari inayotoa 6 itakula shilingi 30,000. Ikirudi kwenye 9 itakula 20,000. Elfu kumi kila mwezi ni karo ya mtoto.

Kidude cha Ulaya

Nikiambiwa nitaje sababu moja tu ya Benzi kunywa mafuta hapa Pwani, nitataja thamostati. Ni kidude kidogo kinachokaa kwenye njia ya maji ya injini. Injini ikiwa baridi hufunga maji yasiende kwenye rejeta, ili ipate joto upesi. Maji yakifika nyuzi 87 hivi huanza kufungua. Sasa gari ikichemka siku moja pale Makupa kwenye msongamano, fundi hukitoa akakitupa. "Ami, hiki ni kidude cha Ulaya kwenye barafu. Sisi huku nchi ya joto."

Maneno matamu, lakini joto la Mombasa ni nyuzi 30 na kitu, na injini inataka zaidi ya 80. Bila thamostati maji huzunguka kwenye rejeta tangu unapowasha, na ukiwa barabarani upepo unaipooza injini isifike pake. Kompyuta ya mafuta haina macho. Inaamini inachoambiwa na sensa ya joto la maji. Ikiambiwa injini bado baridi, inaongeza petroli, kama vile zamani tulivyovuta choki asubuhi. Wewe wakati huo uko Mtwapa, safari imekaribia kwisha, na gari bado inadhani ndiyo imeamka. Injini baridi pia huchakaa upesi, na petroli isiyoungua huteremka kwenye oili.

Kujua ni rahisi. Tazama sindano ya joto: baada ya kilomita tano sita iwe imetulia juu kidogo ya 80. Ikiwa barabara kuu inashuka kwenye 60, na msongamanoni inapanda, thamostati haipo au imekwama wazi. Nunua mpya ya nyuzi 87, si spea bei ghali. Na ile sababu iliyofanya gari ichemke itafutwe: rejeta iliyoziba kwa maji ya kisima chenye chumvi, au feni ya mbele ambayo klachi yake imekufa. Kutoa thamostati hakujatibu rejeta.

Ukishaweka thamostati na mafuta hayapungui, fundi apime sensa yenyewe ya joto la maji. Inaweza kufa na kuiambia kompyuta kwamba injini ni baridi milele, hali sindano ya dashibodi inasoma sawa, kwa kuwa sindano ina sensa yake.

Hewa ya wizi

200E za kabla ya takriban 1993 zina mfumo wa mafuta wa Bosch unaoitwa KE-Jetronic. Juu ya injini kuna sahani ya chuma inayosukumwa na hewa inayoingia. Kadiri inavyosukumwa ndivyo mafuta yanavyotolewa. Basi hewa yoyote inayoingilia mahali pengine, baada ya sahani, haijahesabiwa. Ni hewa ya wizi. Na gari ya miaka thelathini kwenye joto hili ina mipira iliyokauka na kupasuka kila mahali: mpira mkubwa ulio chini ya ile sahani, mipira midogo ya vakyumu, na mipira inayozunguka nozeli.

Hewa ya wizi ikiingia, injini hutetemeka ikiwa imesimama na huzimika mataani. Fundi asiyejua hufanya nini? Huchukua ufunguo mdogo wa milimita 3, hutumbukiza kwenye tundu lililo karibu na ile sahani, akaongeza mafuta mpaka injini itulie. Mwenye gari hufurahi, hulipa, huenda. Kuanzia siku hiyo gari inakunywa maradufu na moshi wake unanuka petroli. Nilifanyiwa haya na gereji moja mwaka mzima kabla sijajua.

Kwa hivyo mipira kwanza, skrubu mwisho. Na skrubu hiyo isiguswe na mtu asiye na mita. Fundi mwenye mita ya kusoma asilimia kutoka kwenye soketi ya vipimo iliyo ndani ya boneti hahitaji kubahatisha. Gari yenye sensa ya oksijeni iliyo nzima husoma karibu 50 na hucheza juu na chini kidogo. Gari nyingi zetu sensa hiyo ilitolewa pamoja na katalisti zamani, petroli ilipokuwa na risasi. Petroli ya risasi iliondoka Kenya kufikia mwanzo wa 2006, kwa hivyo hakuna sababu tena ya kuikosa.

E200 za baadaye, ambazo herufi imetangulia namba, zina injini nyingine na mfumo mwingine wa mafuta. Ugonjwa wao mkubwa ni nyaya. Waya za injini za gari zilizotoka takriban 1993 hadi 1995 ziliwekwa ganda ambalo joto hulikausha likamomonyoka kama ukoko wa wali. Waya zikigusana, sensa husema uongo na mafuta humwagwa. Kunja waya mmoja taratibu karibu na nozeli; ganda likipasuka, tia waya mpya kabla hujabadilisha sensa hata moja, ama utanunua sensa hadi uchoke.

Plagi ni jambo la dakika moja. Injini hizi zinataka plagi za kawaida zisizo na rezista, na bei yake ni ndogo. Plagi ya bei ghali haiongezi kilomita.

Chumvi

Bahari ina lake. Gari inayolala Nyali au Likoni hukamatwa na kutu kwenye breki, pistoni zikakataa kurudi nyuma sawasawa, na gari ikawa inatembea imeshikwa. Pima hivi: baada ya mwendo wa robo saa bila kukanyaga breki sana, weka mkono karibu na kila rimu. Iliyo moto kuliko wenzake imeshikwa. Au piga jeki, zungusha tairi kwa mkono, ikigoma, umeipata. Breki ya mkono nayo ina viatu vyake ndani ya magurudumu ya nyuma, na husahauliwa.

Upepo wa tairi upime asubuhi kabla hujatembea. Kiasi kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho ndani ya kifuniko cha tangi, hivyo hakuna haja ya kumuuliza kijana wa kituo, ambaye hupenda kutia namba moja kwa gari zote. Saizi ya asili ya nyingi ni 195/65 ya inchi 15. Rimu kubwa za 17 hupendeza harusini. Petroli utailipa wewe.

Mguu

Dashibodi ya nyingi katika gari hizi ina, kwenye vipimo vya kushoto, sindano ndogo yenye sehemu nyekundu ambayo wengi hudhani imekufa au haina kazi. Ni kipimo cha uchumi. Kinasoma vakyumu ya injini: ukikanyaga mafuta sana hukimbilia kwenye wekundu, ukilegeza mguu hurudi. Kama hakichezi kabisa, huenda mpira wake mwembamba umekatika, na hapo tena ni hewa ya wizi. Kikiwa kizima, endesha wiki moja ukikitazama kwa jicho la pembeni. Sijui mwalimu bora kuliko huyo.

Gia otomatiki za gari hizi huondoka na gia ya pili ukikanyaga taratibu. Ndivyo zilivyoundwa, si ubovu. Zikichelewa kubadili mpaka injini ipige kelele, waya wa kukanyagia au vakyumu ya giaboksi inahitaji kurekebishwa, na hilo pia hula mafuta.

Kuteremka kutoka Mariakani hadi Mazeras, madereva wengi hutia neutro kuokoa mafuta. Kwa gari ya nozeli ni kinyume: ukiacha gia ndani na mguu juu, mfumo hukata petroli mpaka mizunguko ishuke karibu na ya kusimama. Kwenye neutro injini lazima ilishwe isizime, na breki zako ndizo zinazobeba gari nzima mteremko wote. Kwenye foleni ya feri Likoni, zima. Injini iliyosimama ikinguruma hula karibu lita moja kwa saa, na zaidi AC ikiwaka. Najua joto la pale. Shusha vioo.

Vile visumaku vya kufunga kwenye mpira wa mafuta, na vidonge vya kutia tangini, viacheni dukani. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima vifaa zaidi ya mia moja vya namna hiyo kwa miaka mingi, na karibu vyote havikusaidia kitu.

Ukiyafanya yote haya na gari bado inatoa 6, omba fundi apime kompresheni ya silinda zote nne. Zikilingana na ziko juu, kuna kosa halijapatikana, na litafutwe. Zikiwa chini, injini imechoka. Hapo utashauriwa ung'oe utie ya Toyota. Zipo zilizofanyiwa hivyo na zinatembea, lakini uliza kwanza bei ya kuifufua iliyopo, kwani silinda nne za Benzi hizi hufufuka kwa pete na vali, na mabadiliko ya injini lazima yaingizwe kwenye kitabu cha gari.