Moto Unakula, Kutu Inakula: Mizani katika Somo la Kwanza la Kemia

Kwa Kiswahili moto unakula. Unakula kuni, unakula nyumba, unakula msitu. Kutu nayo inakula: bati la paa likitoboka, tunasema limeliwa na kutu. Mwanafunzi anayeanza kemia anaingia darasani na kitenzi hiki mdomoni, na ndani yake mna nadharia nzima: kinacholiwa hupungua, mwishowe hakipo. Mapema kabisa anaandikishwa daftarini kwamba maada haiumbwi wala haiangamizwi. Anaikariri, anaijibia mtihani, kisha anarudi nyumbani ambako moto unaendelea kula.

Hoja yangu ni kwamba kanuni hii huletwa kabla ya wakati wake, jibu likatangulia swali. Kabla ya atomu, kabla ya alama za elementi na jedwali lake, mwanafunzi anahitaji mizani na jambo la kumtia shaka. Pwani yetu inalo jambo hilo tangu zamani: chokaa.

Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani umejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Mawe hupangwa juu ya lundo la magogo, moto ukatiwa. Ukishapoa, unaweza kuokota jiwe lenye umbo lake lilelile, lakini ukilinyanyua, mkono unashtuka: ni jepesi. Jiwe hilo ndilo la kumpa mwanafunzi. Kuni zimekuwa jivu, na hilo halimshangazi. Jiwe halikuwaka wala halikuyeyuka, sasa limepungukiwa na nini? Gramu 100 za kalsiamu kaboneti safi, zikichomwa hadi mwisho, hubaki gramu 56. Gramu 44 zimekwenda wapi?

Atajibu kwamba moto umezila, na jibu hilo lisizomewe. Ni dhana inayoweza kupimwa, na huo ndio mwanzo wa sayansi. Katika miaka ya 1750, Joseph Black wa Edinburgh alihangaika na mambo hayahaya, chokaa na magnesia, akipima uzito hatua kwa hatua, hadi akaonyesha kwamba kinachotoka katika jiwe ni hewa ya aina yake, ile tunayoiita leo kaboni dayoksaidi. Moto haukula kitu. Uliifungulia hewa iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe.

Tukiishia hapo, mwanafunzi atadhani kuungua daima ni kupoteza. Wataalamu wengi wa Ulaya walidhani hivyo pia, wakakipa kile walichosema kinatoka jina la flojistoni. Kwa hiyo inafaa kuleta jaribio la pili papo hapo. Chukua stilwaya ya kusugulia masufuria, itawanye kidogo nyuzi zake ziachane, uining'inize kwenye ncha moja ya rula iliyofungwa uzi katikati. Ncha ya pili bandika udongo wa mfinyanzi hadi rula ilale sawa. Weka sinia chini, kisha uliza kabla ya kuwasha: upande wa stilwaya utapanda au utashuka? Madarasa niliyoyauliza, karibu wote husema utapanda. Njiti ya kiberiti ikigusa nyuzi, cheche nyekundu zinatambaa polepole kutoka uzi hadi uzi bila mwali, nyuzi zinageuka nyeusi, na rula inainama upande uleule uliochomwa. Darasa linanyamaza. Nauthamini ukimya huo kuliko ufafanuzi wowote wa kitabuni, kwa sababu ndani yake kitenzi “kula” kimeanza kuhojiwa na wenyewe wanaokitumia.

Kutu husimulia habari hiyohiyo kwa mwendo wa taratibu. Tukiacha maji yaliyomo ndani yake, gramu 112 za chuma zikigeuka zote kuwa oksaidi nyekundu huwa gramu 160. Bati linadhoofika, ndiyo, lakini kama tungeikusanya kutu yote tukaipima, tungeona chuma ndicho kilichokula hewa. Mwaka 1774 mkemia Mfaransa Lavoisier alieleza jinsi alivyochoma bati jeupe (metali ya stani) ndani ya chombo kilichozibwa: uzito wa jumla haukubadilika hadi alipokifungua, hewa ikaingia kwa kishindo.

Wapo wanaotaka lugha ya nyumbani iachwe mlangoni, na Tanzania inapohamia Kiingereza katika sekondari, huachwa kweli. Mwanafunzi hupokea istilahi mpya isiyowahi kukutana na “kula”, na maarifa mawili yakaishi ndani ya kichwa kimoja bila kujuana. Mimi ningependa yagombane.

Basi turudi kwenye chokaa. Mwalimu, akiwa amekinga macho, anazidondoshea maji zile gramu 56. Zinachemka zenyewe, zinapasuka kuwa unga, na kwa gramu 18 za maji zinakuwa 74. Unga kidogo unakorogwa katika maji mengi, yanachujwa hadi yawe maangavu, na mwanafunzi anapuliza ndani kwa mrija. Maji yanakuwa meupe kama tui. Weupe huo ni kalsiamu kaboneti, jiwe lilelile, na pumzi yake imelirudishia hewa iliyotoka tanurini. Gramu 74 zikipokea 44 na kuachia 18 za maji, tumerudi kwenye 100. Kuta za Kilwa zilikamilisha hesabu hiyo polepole, zikiwa zimesimama upeponi.