Nembo za studio iliyoiweka Safari Rally kwenye skrini

Enzi za PlayStation 2, aliyelipia zamu yake kwenye kibanda cha gemu mjini Eldoret alingoja kidogo kabla ya kushika usukani. Skrini ilikuwa giza, minara midogo ikaelea kwenye ukungu wa bluu, yakatokea maneno Sony Computer Entertainment, kisha jina la mashine yenyewe. Baada ya hapo zilifuata nembo za kampuni iliyochapisha gemu na studio iliyoitengeneza. Wengi walibonyeza padi kwa pupa ili zipite haraka. Hawakujua kwamba hata ile minara ilikuwa na maana: iliongezeka kadiri historia ya gemu zilizochezwa ilivyojaa kwenye kadi ya kumbukumbu.

Miongoni mwa majina hayo lilikuwamo moja ambalo Mkenya ana sababu ya kulikumbuka. Ni Evolution Studios. Studio hiyo ilianzishwa mwaka wa 1999 huko Runcorn, kaskazini magharibi mwa Uingereza, na Martin Kenwright na Ian Hetherington. Kenwright alikuwa ametoka kwenye gemu za ndege za kivita. Hetherington alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Psygnosis, studio ya Liverpool iliyozaliwa mwaka wa 1984, ambayo nembo yake ya bundi ilichorwa na Roger Dean, msanii aliyejipatia sifa kwa majalada ya santuri za bendi ya Yes. Sony iliinunua Psygnosis mwaka wa 1993, baadaye ikaibadilisha jina kuwa Studio Liverpool, na mnamo Agosti 2012 ikaifunga. Bundi yule hadi leo ana wapenzi wanaomtambua kwa kumtupia jicho mara moja tu.

Evolution ilijijengea jina kwa mashindano ya magari. Gemu yake ya kwanza, WRC, ilitoka mwishoni mwa mwaka wa 2001 ikiwa na raundi zote 14 za ubingwa wa dunia wa rali, na Kenya ilikuwa moja ya raundi hizo. Mwaka uliofuata ilitoka WRC II Extreme, na Safari Rally ikawamo tena. Hapo kijana aliyekaa kwenye benchi la mbao katika mtaa wa Langas, Eldoret, aliweza kuendesha gari la ubingwa wa dunia kwenye vumbi la nchi yake mwenyewe. Gemu nyingine alizozizoea zilimpeleka kwingine: viwanja vya Ulaya, mitaa ya Marekani, ulingo wa mieleka.

Kwa watu wa Uasin Gishu, kaunti ya Eldoret, jambo hilo lilikuwa na uzito wake. Safari ilianza mwaka wa 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na kwa miaka mingi njia zake zilikuwa ndefu mno, zikivuka mipaka hadi Uganda na Tanganyika. Magari yalifika huku magharibi pia, na wazee wa hapa wanakumbuka watu wakijipanga kando ya barabara kuyasubiri. Kufikia mwaka wa 2002 njia ilikuwa imefupishwa sana, lakini bado madereva walishindana kwa zaidi ya kilomita 1,000. Mshindi mwaka huo alikuwa Colin McRae wa Scotland, akiwa na Ford Focus. Ulikuwa ushindi wake wa 25 katika ubingwa wa dunia, na ndio uliokuwa wa mwisho.

Baada ya hapo Safari iliondolewa kwenye kalenda ya dunia, na gemu ikafuata. WRC 3, ya mwaka wa 2003, ilikuwa na Uturuki lakini haikuwa na Kenya. Kwa hiyo diski mbili za Evolution zimehifadhi miaka miwili ya mwisho ya Safari ya zamani. Rali yenyewe ilirejea kwenye ubingwa wa dunia Juni 2021 huko Naivasha, naye Sébastien Ogier akashinda.

Evolution haikuwepo kushuhudia hayo. Sony iliinunua mwaka wa 2007, baada ya gemu yake ya MotorStorm kufanya vizuri kwenye PlayStation 3. Gemu yake ya Driveclub, iliyotoka Oktoba 2014, ilianza vibaya kwa sababu seva zililemewa na wachezaji wakashindwa kuungana mtandaoni. Mnamo tarehe 22 Machi 2016 Sony ilitangaza kuifunga studio. Siku kumi baadaye, jina Sony Computer Entertainment nalo likastaafishwa, kampuni ikawa Sony Interactive Entertainment. Majina mawili yaliyokuwa yakifuatana kwenye skrini yalitoweka karibu wakati mmoja.

Wafanyakazi wengi walichukuliwa na Codemasters, kampuni iliyokuwa ikitengeneza gemu za Colin McRae Rally tangu mwaka wa 1998. EA iliinunua Codemasters mwaka wa 2021, na gemu yake ya EA Sports WRC ya mwaka wa 2023 ina Safari Rally. Kwa njia hiyo kazi iliendelea, ila chini ya nembo za wengine.

Huku kwetu kumbukumbu ya nembo hizo iko hatarini zaidi. Diski nyingi zilizouzwa mitaani zilikuwa nakala, na wanakili mara nyingi walikata video za mwanzo ili gemu itoshe. Walichokata ndicho kilichobeba majina ya waliofanya kazi. Diski halisi nazo zimechunika. Gemu zinazotegemea mtandao zina hali mbaya zaidi, kwani seva za Driveclub zilizimwa tarehe 31 Machi 2020, na sehemu yake ya mtandaoni haichezeki tena.

Wakenya waliotengeneza gemu zao wenyewe nao wanastahili kukumbukwa. Mwaka wa 2007 Wesley Kirinya, chini ya jina Sinc Studios, alitoa Adventures of Nyangi, mojawapo ya gemu za kwanza za 3D kutoka Kenya. Mwaka wa 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana walianzisha Leti Arts, na jina la Sinc likaachwa. Ni vijana wangapi wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Moi wamewahi kuiona nembo ya Sinc?

Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka na maktaba za vyuo vyetu vikuu zianze kupokea gemu kama zinavyopokea magazeti na picha. Nawe msomaji, ukiwa na diski ya zamani ya WRC au kompyuta yenye gemu iliyotengenezwa Kenya, usiitupe.