875,689: Nambari tasa ya watu wa Bomet

SENSA iliyofanywa nchini Kenya usiku wa Agosti 24, 2019 ilihesabu watu 875,689 katika Kaunti ya Bomet, wakiwemo wakazi wa Ndanai katika eneobunge la Sotik. Idadi hiyo ina sifa ambayo wahesabu watu hawakuwa na sababu ya kuitafuta: ni nambari tasa. Haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Kwa hivyo haiwezekani kuwapanga watu hao wote katika makundi yanayolingana. Kaunti ina maeneobunge matano; ukigawa kwa 5 hubaki watu 4. Ina wadi 25, mojawapo ikiwa Ndanai/Abosi. Kila wadi ingepata watu 35,027, na 14 wangekosa pa kwenda. Idadi ya Wakenya wote, 47,564,296, ikigawanywa kwa kaunti 47 hubakisha 14 vilevile, jambo ambalo ni sadfa tupu. Hiyo ya taifa si tasa: ni zao la 8, 13, 19 na 24,071.

Utasa wa 875,689 huthibitishwa kwa kalamu na subira. Kwa kuwa 936 mara 936 huipita nambari hiyo, yatosha kujaribu nambari tasa zilizo chini ya 936, nazo ni 158. Hakuna hata moja inayoigawa.

Lenye manufaa zaidi kwa mwananchi ni njia ya kukagua kama tarakimu zimenakiliwa sawasawa, maana idadi ya watu ni miongoni mwa vigezo vya kugawa fedha za kaunti. Wanaume walikuwa 434,287, wanawake 441,379 na huntha 23. Jumlisha tarakimu za kila nambari, kisha utoe tisa tisa: hubaki 1, 1 na 5, yaani 7. Tarakimu za 875,689 hujumlika kuwa 43, na baki lake pia ni 7. Hesabu imekubali.

Lakini njia ya tisa ina upofu wake. Karani akibadilishana nafasi za 7 na 5, akaandika 857,689, watu 18,000 wametoweka na baki ni 7 lile lile. Hapo huhitajika 11. Anzia kulia, toa na ujumlishe tarakimu kwa zamu. Jibu likiwa chini ya sufuri, ongeza 11. Wanaume hutoa 7, wanawake 4, huntha 1, jumla 12, ambayo ikitolewa 11 hubaki 1. Nambari sahihi hutoa 9-8+6-5+7-8, yaani 1. Ile ya karani hutoa 8.