Geji Finyu, Si Reli Nyembamba

Kidatu, mkoani Morogoro, kuna reli mbili zinazokutana bila kuungana. Moja inatokea upande wa Reli ya Kati, nyingine ni ya TAZARA, na mzigo unaotaka kuendelea na safari lazima uhamishwe kutoka behewa la huku kwenda behewa la kule. Kinachozitenga ni milimita 67 tu: Reli ya Kati ina 1,000, TAZARA ina 1,067. Kipimo hicho ndicho geji, yaani umbali kati ya nyuso za ndani za vyuma viwili vya reli. Unene wa chuma haumo, upana wa behewa haumo, wala urefu wa taruma.

Geji iliyoenea zaidi duniani ni ya milimita 1,435, ile ya SGR. Zote zilizo chini yake huwekwa kundi moja, ambalo kwa Kiingereza huitwa narrow gauge, na tafsiri inayokuja haraka mdomoni ni “reli nyembamba”. Mimi naikataa. Wembamba ni sifa ya mwili wa kitu: uzi, fito, kiuno. Nafasi iliyobanwa kati ya vitu viwili huitwa finyu, kama tusemavyo kichochoro finyu au chumba finyu. Geji ni nafasi, basi iwe geji finyu. (Ajabu yake ni kwamba kwa hesabu hii Reli ya Kati, ambayo kwa wengi wetu ndiyo iliyokuwa reli yenyewe, ni finyu tangu ilipojengwa.)

Istilahi hii inapata mtihani wake mkali kwa watu wanaojenga modeli za reli. Hawa huchukua ubao, wakaweka juu yake stesheni, madaraja, miti na treni inayotembea, vyote vimepunguzwa kwa kiwango kimoja. Kiwango hicho ni skeli, neno tulilolizoea kwenye ramani za shuleni. Katika skeli ya 1:87, inayojulikana kama HO, kila milimita ya modeli inasimama mahali pa milimita 87 za kweli. Sasa gawa 1,435 kwa 87: unapata 16.5, na hiyo ndiyo geji ya modeli ya HO ya kawaida. Gawa 1,000 kwa 87, unapata kama 11.5, na madukani inauzwa reli ya milimita 12. Skeli haikubadilika. Abiria ni yuleyule, mlango wa stesheni ni uleule. Nafasi kati ya vyuma ndiyo iliyopungua. Anayedhani kuwa geji finyu ni treni ndogo ya watoto amechanganya skeli na geji, na modeli yake itaonyesha.

Vipimo vikishapatikana, kazi ya historia inaanza. Mji wa Zanzibar ni mfano mzuri kwa sababu umewahi kuwa na geji finyu mbili kwa nyakati mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Sultani Barghash, ya futi mbili, yaani milimita 610, kutoka mjini kwenda Chukwani. Mabehewa yake yalivutwa na nyumbu kabla ya kuagizwa injini ndogo ya mvuke kwa Bagnall wa Uingereza, na Sultani alipofariki mwaka 1888 reli nayo ikang’olewa. Ya pili ilijengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney, ikakamilika mwaka 1905: futi tatu, milimita 914, urefu wa takriban kilomita 11 kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu.

Anayetaka kuijenga ya Bububu kwa 1:87 atahitaji geji ya milimita 10.5. Urefu wa njia nzima utakuwa mita 126, na hakuna sebule ya namna hiyo. Lazima achague kipande. Mimi ningechukua pale treni ilipopita kati ya kuta za nyumba za mji, kwa sababu hapo ndipo sababu ya geji finyu inapoonekana kwa macho: hukata kona kali, hudai ardhi kidogo na gharama yake ni ndogo. Reli ya 1,435 isingepenya humo bila kubomoa nusu ya mtaa.

Kisha aitazame tarehe. Jumba la Beit al-Ajaib la mjini Zanzibar lilijengwa mwaka 1883, lakini mnara wa saa tuliouzoea kwenye uso wake ulikuja baada ya mizinga ya Waingereza ya mwaka 1896. Kabla ya hapo mnara ulisimama peke yake, bila kushikana na jumba. Kwa hiyo treni ya Barghash ikipita chini ya jumba lenye mnara katikati, modeli imesema uongo, hata kama kila tofali limechorwa kwa mkono. Vivyo hivyo kwa wanaosimulia kwamba Bububu ilipewa jina na mlio wa treni: Emily Ruete, binti wa Sultani Said, aliitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, karibu miaka 20 kabla ya treni hiyo.

Wenzetu wa Ulaya nao wana mitego yao. Injini za Baldwin za geji ya milimita 600 zilitengenezwa Marekani kwa ajili ya reli za mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya vita zikauzwa kwa bei ya chini, nyingine zikaishia kwenye reli ndogo za Wales na Derbyshire katika miaka ya 1920. Ukiiona Baldwin hiyo ikivuta mawe katika machimbo ya mwaka 1910, ujue mjenzi alinunua injini kwanza, akaitafutia historia baadaye.

Lakini panapovuja zaidi ni kwenye chuma chenyewe. Reli nyingi za modeli za HO zina kimo cha milimita 2.54. Zidisha kwa 87: milimita 221. Chuma kizito cha Ulaya cha kilo 60 kwa mita, kinachobeba treni za mwendo kasi, kina kimo cha milimita 172 tu! Reli nyepesi ya shamba ya kilo 15 hivi kwa mita haizidi sana milimita 80, na katika modeli inapaswa kuwa karibu milimita moja. Hapo neno nyembamba lina kazi yake halali: chuma chembamba, geji finyu, mambo mawili. Angalia na mataruma. Wengi huazima reli ya milimita 9 iliyotengenezwa kwa skeli ya 1:160, na mataruma yake husongamana kama meno ya kitana, wakati reli ya shamba huyaachia nafasi pana na nyasi zikaota katikati.

Mimea nayo isidharauliwe. Mnazi wa mita 20 katika 1:87 una sentimita 23. Wajenzi wengi huupanda wa sentimita 10, ukawa mfupi kuliko paa la ghorofa. Mikarafuu ya njia ya Bububu itazamwe kwa jicho jingine: kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, kwa hiyo mashamba ya 1905 yalikuwa na miti mingi iliyopandwa upya baada ya hapo.

Kwa waandishi na watafsiri wa habari za reli nina ombi moja. Andikeni geji finyu, na kila mara mtaje na milimita zake, maana 610, 914, 1,000 na 1,067 zote ni finyu, na hakuna behewa la moja litakalokwenda juu ya nyingine.